Herufi Moja ya Kingori

Nilifuta faili moja tu. Niliona faili mbili za libc kwenye diski, moja ya jina refu na nyingine ya jina fupi, nikadhani hiyo fupi ni nakala inayojaza nafasi bure. Sasa kila amri niliyoandika ilikataa: haipati libc.so.5. Hata amri ya kuonyesha mafaili ilikataa.

Katika kompyuta hiyo ya Linux, na humo peke yake, mlikuwa na majina ya watahiniwa arobaini na saba wa shule yetu ya Mweiga. Yalitakiwa Nyeri kabla ya saa kumi na moja. Ambaye jina lake halikufika hangefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huo wa 1997.

Mwalimu mkuu, Bwana Wahome, alisimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Kagwiria, si uzime halafu uwashe?"

"Mwalimu, tafadhali usiguse. Ikizimika haitawaka tena."

Mvua ilikuwa inanyesha na taa zilishapepesa mara mbili.

Nilimpigia simu Kingori, fundi wa Nyeri aliyetuwekea mashine. Alicheka kwanza. Angekuwa karibu ningemzaba kofi.

"Programu nyingi zinaazima hiyo faili, kama boma mzima inaazima jembe moja," akasema. "Lakini kuna moja kwa folda ya sbin iko na jembe yake. Andika slash, sbin, slash, halafu esi, eri, eni. Halafu ile jina refu, halafu ile fupi ulitoa. Itairudisha."

Niliandika srn. Hakuna programu ya jina hilo. Nikaandika tena, polepole. Hakuna.

"Haiko," nikamwambia.

"Iko, Madam. Ni mimi niliweka."

Taa zikapepesa mara ya tatu. Bwana Wahome akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipokumbuka ninaongea na nani. Sisi watu wa mlimani, herufi ya eli hutuponyoka ikawa eri, na mimi wa Meru sina haki ya kumcheka mtu.

"Kingori, hiyo eri ni ya Rosemary ama ya Lucy?"

"Ya Rusi," akajibu, amekasirika kidogo. "Si nimesema?"

Niliandika sln. Mara hii mashine haikukataa. Nikaomba orodha ya majina, nikafumba macho.

Nilipofumbua, Bwana Wahome alikuwa ameinama mbele ya kioo akihesabu majina kwa kidole. Alipofika arobaini na saba nilianza kulia, wala sikujificha. Kingori alikuwa bado kwenye simu, akiuliza, "Imekubari?"