Mstari wa Mwisho wa Junaid

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya majumba ya Michenzani, Unguja, na Bi Mwanakheri hakuwa ameiweka chini simu yake tangu alasiri. Kila siku ambayo mwanawe Ubwa alipanda ulingoni Dar es Salaam, yeye alifunga. Ubwa hakujua. Alimwambia mama yake kwamba anabeba mizigo bandarini, na mama akaitikia, kumbe yote anayasoma kwenye blogu ya ndondi ya kijana mmoja, Junaid.

"Shoga, unavyosoma masumbwi utadhani habari za harusi," jirani yake Muzdalifa alimtania, akipanga tende na uji jamvini. "Wenzio humo ni vijana wa kubeti tu."

"Wao wanatafuta nani kashinda. Mimi silitafuti hilo."

Alichokitafuta ni mstari wa mwisho. Junaid alikuwa na desturi yake: kila pambano alilimalizia kwa kueleza aliyepigwa ametokaje ulingoni. Ametoka kwa miguu yake. Ametoka ameshikwa bega. Bi Mwanakheri hakuwahi kufuturu kabla ya kuusoma.

Azana ya magharibi ikaanza, na simu ikatetemeka. *Ubwa aanguka raundi ya nne. Ngumi ya kushoto, mwamuzi akahesabu mpaka kumi.* Akateremsha kidole. Chini hapakuwa na kitu. Akapandisha, akateremsha tena.

"Mstari haupo."

"Mstari gani? Futuru, bibi wee, azana hiyo!"

Tende ilikuwa mkononi, lakini mkono haukupanda. Maoni ya wasomaji yalikuwa yanamiminika. *Kanilia pesa yangu ya kubeti, alale hapo hapo!* aliandika mmoja.

Bi Mwanakheri hakuwahi kuandika humo hata neno. Sasa aliandika: *Katoka vipi?*

*Kwani wewe nani, daktari wake?*

*Mama yake.*

Maoni yakakatika. Muzdalifa akaacha utani, akasogea akakaa naye bega kwa bega. Uji ukapoa.

Kisha ikaita namba asiyoijua.

"Shikamoo, Bi. Mimi Junaid, wa blogu. Namba kanipa Ubwa. Nisamehe, niliituma haraka niwahi swala, hata hajashuka ulingoni. Huyu hapa."

Kelele za ukumbini. Pumzi ya mtu.

"Mama? Shikamoo." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye pamba mdomoni. "Kumbe unajua."

"Marahaba. Umelala au umesimama?"

"Nimesimama. Nimeegemea ukuta, lakini nimesimama."

"Haya, egemea. Halafu ule."

"Safari nyingine ntakupigia mwenyewe, mama. Usisome huko."

"Ntasoma," alisema, na hatimaye akaitia tende mdomoni. "Na mwambie Junaid mstari ule asiusahau tena. Si mimi peke yangu nnayeungoja."