Uchawi Unaoishia Kiunoni

Wewe unayesoma, ulipita pale. Usikatae. Ulikuwa unashuka kwenda Kirotshe, ukaona mbuzi amelala shimoni, tumbo limevimba, hana jeraha hata moja, ukageuza uso upande wa ziwa. Ukasikia pia watu wakinong'ona, "Ni yule Léontine," ukaongeza mwendo. Haikukuhusu. Basi leo kaa usikie, na safari hii uso uuelekeze huku.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Indépendance. Léontine alikuwa mtu wa Walikale, msituni, aliyeolewa na Jean-Bosco akaletwa kwenye vilima vya Masisi vinavyotazama ziwa. Alikuwa mrefu. Si mrefu wa kawaida: mlango wa kanisa aliuingia ameinama kama anayeomba msamaha, na kijiji kikambandika jina la mti, Karatusi. Jembe fupi la wenzake lilimvunja mgongo, hadi Jean-Bosco, mume wa maneno machache, akamchongea mpini mrefu wa kwake peke yake.

"Angalieni Karatusi! Analima amesimama kama askari!"

Alicheka nao, lakini alitembea amekunja mabega. Kwa maoni yake, Mungu alipokuwa anamuumba alisahau kusema imetosha.

Shamba lao la maharagi liliteremka hadi ndani ya shimo pana lenye mawe meusi ya volkano na majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Mbuzi walioshuka asubuhi kula majani yale hawakupanda tena. Watu waliita mahali pale mazuku, upepo mbaya, wakafanya ishara ya msalaba wakipita. Hilo halikuwa na neno. Neno lilianza mbuzi wa mama mkwe wake, Mama Dorothée, walipokufa humo mmoja baada ya mwingine, naye akasimama nje ya kanisa akajiuliza kwa sauti ya kutosha kijiji kizima:

"Mbuzi zangu zimekwisha. Mbwa ya katekista imekufa. Jirani yetu Anne alienda kupalilia mule, akaanguka, wakamubeba. Lakini Karatusi analima mule kila asubuhi na anatoka anaimba! Sasa muniambie, nani njo rafiki ya ule upepo?"

Wewe ulikuwa umeshafika kwenye kona.

Ikaamuliwa hivi: Jumamosi asubuhi katekista Athanase Sebahire angeongoza sala mle shimoni kumfukuza pepo, na Léontine angepiga magoti katikati. Akisali salama, yaishe. Upepo ukimkataa, arudi Walikale kwa baba yake, na watoto wake wabaki.

Watoto wabaki! Juma lile Léontine alipika maharagi akasahau chumvi, akayapika tena akatia chumvi mara mbili. Maana wazo baya lilikuwa limemwingia: labda ni kweli. Labda mtu anaweza kuwa mchawi bila kujijua, kama anayekoroma. Na nani angemwambia vingine? Wazungu walikuwa wamepita kule zamani na vyombo vyao vya kupima volkano. Walipima, wakaandika, wakaondoka na walichokijua. Neno moja hawakumwachia mkulima. Hilo hatujalisahau, na hatutalisahau.

Jumamosi ilikuja na ukungu, jani halitikisiki. Watu wakajipanga juu, ukingoni. Walioshuka chini walikuwa watatu: Athanase na mshumaa wa kanisa, Léontine na jembe lake la mpini mrefu, na Mama Dorothée, mfupi kama kinu, rozari mkononi, aliyetaka kuona kwa macho yake.

"Mupige magoti," alisema Athanase, yeye akibaki wima na kitabu chake.

Wakapiga. Léontine alisema "Baba yetu" mara moja tu, kichwa kikaanza kuzunguka. Moyo ukamwenda mbio, kifua kikakataa kujaa. Basi ni mimi, aliwaza. Mungu mwenyewe ananisukuma. Aibu ikamwinua, akasimama akimbie asionekane akilia.

Na aliposimama, hewa ikarudi. Tamu, ya bure, kama siku zote.

Akashangaa. Pembeni yake Mama Dorothée alikuwa anainama polepole kama mzigo uliofunguka kamba. Léontine akamnyakua kiunoni, akamtupa begani. Baada ya kidogo, sauti ikafufuka huko juu:

"Niweke chini, muchawi we!"

"Nikikuweka chini utakufa, mama."

"Rozari yangu imeanguka! Niweke!"

Mama Dorothée akajipenyeza, akateleza hadi chini, akainama kuokota rozari. Matusi yakakatika katikati. Léontine akamwinua tena. Alipofika begani, matusi yakaendelea pale pale yalipoishia.

Ukingoni mtu mmoja akaangua kicheko. Léontine hakucheka. Alitazama magoti yake, akatazama mpini wake mrefu alioulaza kando, akakumbuka Anne na jembe lake fupi, mbuzi, mbwa. Halafu akanyoosha mabega, labda kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akapaza sauti:

"Papa Athanase! Huu uchawi gani unaishia kiunoni?"

Athanase hakuwa mjinga, na alimpenda sana yule mbwa wake. Alitazama mshumaa, akaushusha taratibu. Chini ya kiuno ukazimika, kama umechovywa majini. Akauwasha, akaushusha tena. Pfu! Akauinua juu ya kichwa: ukawaka kama wa Pasaka. Akarudia, sasa anatabasamu kama mtoto.

"Shetani mufupi!" mtu alipiga kelele juu.

"Nani anacheka wafupi?" Mama Dorothée aliuliza kutoka begani.

"Tutoke kwanza," Léontine alisema. "Tutacheka juu."

Huko juu, kicheko kilipopungua, Athanase alikaa kwenye jiwe, ameudhika kidogo.

"Sasa sala yetu ilikuwa ya bure?"

"Hapana, papa. Sala haina kosa. Kosa iko ya magoti." Léontine alifikiri kidogo. "Na miye nilikuwa nalalamika kwa Mungu juu ya urefu wangu. Kumbe njo alikuwa ananilinda nayo, na sikumushukuru hata siku moja."

Baadaye Damien, muuguzi aliyefanya kazi Kirotshe, aliwaeleza: ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi, inajaa shimoni kama maji kwenye beseni, na upepo ukivuma inatawanyika.

"Unanifundisha nini?" Mama Dorothée alimkata. "Miye nimeinywa!"

Jumamosi ile ile wakajenga ukuta wa mawe kuzunguka shimo. Mawe ya juu aliyapanga Karatusi. Jumapili aliinama mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya mlango tu, na ndani akakaa wima, watoto wake kando. Mama mkwe alimwita mbele ya wote: "Karatusi yangu, angalia huko juu, mvua inakuja?"

Hiyo ni miaka michache tu iliyopita, na leo mawe yamechukuliwa, haya kwa jiko, yale kwa zizi la wenye ng'ombe wengi. Mbuzi amelala tena shimoni. Na tayari kuna jina la mwanamke linalonong'onwa. Unalijua. Ulilisikia jana, ukaongeza mwendo.

Basi usipige magoti pale. Simama. Beba jiwe, leo, kabla ukungu wa kesho haujashuka, ulirudishe ukutani. Kisha nenda mlangoni kwa yule mwanamke, umwite kwa jina lake, kwa sauti, kijiji kizima kisikie, na ushuke naye mkiwa wima hadi ukingoni, na mshumaa. Unangoja nini? Inuka!