Kengele Iliyoandikwa Schulz

Haya nitakayoyaandika ni kweli kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Nimepeleka barua mjini Kassel kwa miaka thelathini na minane, na mtu aliyeshika barua za watu muda wote huo akiandika uongo vidole vyake hufa ganzi. Vyangu viko hai, navitazama hapa vikifanya kazi. Kwa hiyo tuendelee.

Jumanne ya tarehe kumi na tano Oktoba, saa kumi na mbili na robo jioni, bibi mmoja alisimama mbele ya mlango wa nyumba yetu akisoma majina kwenye kengele. Alikuwa amejitanda shuka jeupe, miguu mitupu, kapu la ukili mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha lakini haikumlowesha. Ilimpitia tu, ikaendelea na safari yake hadi chini. Alikuwa amefariki siku nane kabla, huko Antsirabe, katikati ya Madagaska, na amekuja kwa miguu.

Mimi nilikuwa natoa pipa la karatasi, maana Jumatano asubuhi ndiyo wanapita kulichukua.

"Unamtafuta nani, mama?" nikamuuliza. Wafu husikika kwa lugha ya yule anayewasikiliza, kwa hiyo hatukupata shida.

"Mjukuu wangu, Voahirana Razafimandimby. Anasomea uhandisi wa maji."

"Kwenye kengele hayupo."

"Naona, mdogo wangu. Ndiyo maana nimesimama."

Nilimwelewa mara moja. Kazi ya posta ni hiyo hiyo. Unaweza kumjua mtu, ukamjua na mbwa wake, ukajua Jumapili anakula nini. Jina lake lisipokuwa mlangoni, barua inarudi ilikotoka. Wafu nao, kumbe, wanafuata utaratibu huo.

Voahirana, ambaye wote tunamwita Voa, alikuwa anakaa ghorofa ya nne na wanafunzi wengine watano, kila mmoja na nchi yake. Kengele yao imeandikwa Schulz. Schulz mwenyewe alihamia pwani ya kaskazini miaka tisa iliyopita, lakini mwenye nyumba, Bwana Pfannschmidt, hakuliondoa jina lake, kwa sababu manispaa ikijua kwamba vyumba vitatu vina vitanda sita itamuuliza maswali. Kwa sababu hiyo hiyo hawasainii wanafunzi barua ya makazi. Bila barua huandikishwi. Bila kuandikishwa hupati kadi ya kibali. Bila kadi, ukitoka nchini hurudi. Bibi yake alipofariki, Voa aliizungusha hesabu hiyo kichwani mara tatu, jibu likawa lile lile, akabaki. Mazishi aliyatazama kwenye simu, ameketi juu ya mashine ya kufulia, maana pale ndipo mtandao unaposhika.

Jioni ile alirudi kutoka maabara kwa baiskeli, kofia ngumu kichwani. Akamwona. Akaishusha baiskeli taratibu.

"Bibi."

Bibi akageuka, akamtazama kwa adabu. "Hujambo, binti. Unakaa hapa?"

"Nakaa hapa, bibi. Ni mimi."

"Unafanana naye sana. Mjukuu wangu naye ana kovu kama hilo, hapo kidevuni."

"Ndilo lenyewe. Nilianguka kwenye ngazi zako."

"Aliniandikia kwamba anakaa nyumba hii," bibi akasema. "Nimesoma majina yote, kutoka juu kushuka na kutoka chini kupanda. Hayupo. Kwa hiyo wewe siye." Alisema bila ukali, kama mtu anavyomwelewesha mtoto wa jirani. Halafu akarudi kuzisoma kengele.

Voa akaketi kwenye ngazi ya mlangoni na kofia yake kichwani.

Tangu hapo bibi alikuja kila jioni jua linapozama. Kapuni alikuwa na karatasi yake ya ruhusa, imepigwa muhuri na wakubwa wa huko aliko: siku tisini, hairefushwi. Alituonyesha. Bi Trautwein wa ghorofa ya pili, ambaye hupenda kusoma masharti ya kila kitu, aliisoma yote akasema iko sahihi, muda unaisha tarehe kumi na mbili Januari. Kisha akamshushia kiti na mfuko wa maji ya moto. Wafu hawasikii baridi, lakini bibi aliupokea mfuko akauweka mapajani kwa heshima ya mwenyeji.

Shida ya Voa ikawa moja tu, na nyumba nzima iliijua: bibi yake amtambue kabla siku hazijaisha. Alichotaka ni kuitwa jina lake tu.

Aliyeanza kuhangaika ni Otabek, kijana wa Samarkand anayelala kitanda cha juu chumba cha katikati. Aliandika jina la ukoo la Voa kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya Schulz kwa gundi ya mbao.

"Herufi kumi na nne," akamwambia Voa. "Ukoo wenu haukuwa na kazi nyingine ya kufanya?"

"Wenu ulikuwa na kazi gani, kukoroma?"

"Mimi sikoromi. Ni lifti."

"Nyumba haina lifti, Otabek."

Karatasi ile ilikaa kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi asubuhi. Jumamosi Bwana Pfannschmidt huja kukagua nyumba, na mfukoni ana kikwangulio kidogo cha chuma. Alikwangua jina, akafuta kengele kwa kitambaa, akasoma Schulz, akaridhika. Jioni bibi alikuta Schulz. Wiki iliyofuata waliandika kwa wino usiofutika. Alikuja na dawa ya kuufuta. Waliandika kwa rangi ya kucha, naye akanunua kikwangulio kipana zaidi.

Jumamosi moja ya Novemba alikawia mpaka giza likaanza kuingia, akamkuta bibi kitini.

"Huyu anamngoja nani?" akaniuliza.

"Mpangaji wako."

"Ghorofa ya nne anakaa Schulz."

"Schulz yuko pwani, bwana."

"Basi akamngoje pwani."

Jumatatu yake kulikuwa na tangazo ukumbini, limechapwa vizuri na kutiwa sahihi: marehemu hawaruhusiwi kusimama mbele ya baiskeli, wala kuwepo mlangoni saa saba hadi saa tisa mchana, wakati wa utulivu. Bibi alilisoma, akasogeza kiti chake hatua mbili kushoto. Mchana hakuwa anakuja hata hivyo.

Voa naye alizoea kushuka kila jioni na kukaa naye kama mgeni. Alikuwa anajitambulisha upya, bibi anaitikia upya. Halafu bibi anamsimulia habari za mjukuu wake, na Voa anasikia yale ambayo mtu hasikii akiwepo.

"Alikuwa mwongo kidogo kwenye barua," bibi akasema siku moja. "Ananiandikia anakula vizuri, ana joto, ana marafiki wengi."

"Labda hakutaka kukutia wasiwasi."

"Nilijua. Mtu anayekula vizuri hakuulizi kila wiki jinsi ya kupika ukoko usiungue." Akavuta shuka lake. "Ndiyo maana nimekuja. Nimtazame, nimguse kichwa, niende zangu."

"Niguse mimi, bibi, kwa niaba yake."

Bibi akafikiri. "Hapana, binti. Kichwa cha mtoto wa watu hakiguswi hivi hivi."

Sasa nije kwangu. Mimi nakaa ghorofa ya chini, kengele yangu imeandikwa Ebeling, na chini ya Ebeling pana nafasi. Sheria yetu ya posta inaruhusu barua ya mtu kufika kwa jina la mwenyeji wake, ilimradi majina yote mawili yaonekane. Wazo hilo nililipata siku ya pili tu, sikungoja kuambiwa. Na kwa kuwa karatasi haidumu mbele ya Pfannschmidt, siku ile ile nilikwenda kwa Wickert, fundi wa kuchonga majina kwenye shaba, nikaagiza kibao cha skrubu nne. Bahati mbaya Wickert ni mzee sana, mikono inamtetemeka, na kila herufi humchukua siku sita. Herufi kumi na nne kwa siku sita ni siku themanini na nne. Mwenye kutaka apige hesabu.

Kibao kikawa tayari siku ya themanini na tano, tarehe saba Januari. Nilikifunga mchana, Pfannschmidt hayupo. Jioni bibi alikuja, akaanza kusoma kutoka juu kama kawaida. Alipofika chini akasimama. Alilisoma jina polepole, kidole kikipita juu ya kila herufi. Voa alikuwa ngazini, mikono katikati ya magoti.

Bibi akageuka.

"Voa," akasema. "Mbona umekonda hivi?"

Nilifungua mlango na wote wawili wakaingia jikoni kwangu.

Walikaa pale jioni sita. Bibi alipika wali kwenye sufuria yangu ya supu, akauacha ushike chini makusudi, kisha akapakua, akamimina maji juu ya ukoko, akachemsha. Tulikunywa maji hayo yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi. Mimi nilikunywa bakuli tatu nikasema ni ya kwanza. Alimfumua Voa nywele zote, akamsuka upya, na kila msuko alikuwa anauliza jambo moja: unalala wapi, nani anakoroma, mabomba ya maji unayoyasomea yanakwenda wapi. Voa alimchorea bomba kwenye bahasha. Bibi akaikunja bahasha, akaitia kapuni.

Jioni ya nne Voa alisema lile alilokuwa amelificha. "Bibi, sikuja kukuzika."

"Ulikuwa na mtihani?"

"Sikuwa na karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kusema kwamba nakaa hapa."

Bibi alitazama dari, kana kwamba anakiona kitanda kule juu ghorofa ya nne. "Lakini unakaa hapa."

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Inamisha kichwa, nimalize upande huu."

Tarehe kumi na mbili aliondoka kwa miguu, kuelekea kituo cha reli na kukipita. Kabla ya kuondoka alinipa mkono, nao ulikuwa mwepesi kama barua ya ndege. "Asante, mdogo wangu," akasema. "Umenifungulia." Nikaipokea shukrani ile.

Hadithi ilikuwa iishe hapo. Lakini wiki iliyopita nilimwomba Voa azipitie kurasa hizi, nisije nikawa nimekosea mambo ya kwao. Alisoma jikoni, kalamu mkononi, akicheka mahali na mahali. Alipofika kwa Wickert aliacha kucheka.

"Mzee, huyu Wickert ana umri gani?"

"Mkubwa. Wa zamani sana."

"Nilipita kwake juzi kuagiza kibao cha Otabek. Ana miaka thelathini na miwili. Ana mashine. Jina langu lilimchukua dakika nne."

Niliinuka nikachochea sufuria isiyokuwa na kitu.

"Anakukumbuka," Voa akaendelea. "Ulikwenda tarehe saba Januari asubuhi. Ulimwambia afanye haraka."

Basi. Wazo nililipata siku ya pili, hilo ni kweli. Siku themanini na tatu zilizofuata nilipita mbele ya yule bibi na mapipa yangu, nikamwambia habari za jioni, naye akanijibu nzuri, mdogo wangu. Niliogopa. Nina miaka sabini na minne, na mkataba wangu unasema anayeongeza mtu kwenye fleti bila ruhusa ya mwenye nyumba anaweza kutolewa. Hata kibao cha Voa nilikuwa nakifungua kila Jumamosi kabla Pfannschmidt hajafika, nakirudisha akiondoka. Tena, nikisema yote, mkono wangu ulikuwa umezoea. Miaka thelathini na minane niliandika hajulikani kwenye bahasha za watu niliowasikia wakiongea nyuma ya mlango, nikalala usingizi. Voa alipata jioni sita na bibi yake. Angeweza kupata themanini na tisa.

Nilimwambia hivyo hivyo. Hakugombana nami.

"Nifute?" nikamuuliza.

"Usifute. Acha uongo wako palepale, kisha andika ukweli chini yake, watu wauone." Akafungua mkoba, akaweka mezani vibao vya shaba, kimoja baada ya kingine, vitano, vya wale wengine wa ghorofa ya nne. "Na hivi utavifunga wewe, chini ya jina lako."

"Pfannschmidt atanitoa."

"Huenda," Voa akasema.

Jumamosi Pfannschmidt alikuja, akaona vibao vitatu nilivyokuwa nimeshavifunga. Hakuvikwangua, maana shaba haikwanguliki. Alitoa daftari akaandika jina langu na tarehe, akasema nitapata barua. Kisha akafuta kengele ya ghorofa ya nne kwa kitambaa. Bado imeandikwa Schulz, na mle juu kitanda cha saba kimepandishwa juzi, kwa msichana wa Bolivia ambaye naye hatasainiwa karatasi.

Babu yake Otabek alifariki Samarkand mwezi wa pili. Tangu juzi amesimama mlangoni na joho lake la pamba, anasoma majina kutoka juu kushuka. Ninaandika haya ukumbini, daftari juu ya goti, bisibisi mfuko wa shati. Namsikia nje anakohoa kwa adabu. Nimefungua dirisha dogo la mlango nimemwambia anisubiri kidogo, mzee mwenzangu, imebaki skrubu moja ya jina la mjukuu wako.