Kabla ya Phu Sang

Nyie wenzangu wenye wana wa kiume, nisikilizeni mimi Mama Lue, msije mkasema hamkuambiwa.

Mume wangu Nchai ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wafu njia huku kwetu milimani, kwa maneno yanayosemwa mazikoni. Maneno yale hayasemwi ndani ya nyumba, yanaita kifo, kwa hiyo alimfundisha Lue shambani, katikati ya mahindi. Mengi ni vitenzi vya wazee ambavyo sisi hatuvitumii tena, na kila kimoja alimweleza kilikotoka.

"Hiki ni kuja kwa mgeni," nilimsikia akimwambia siku moja. "Na hiki ni kuja kwa mwenye nyumba anayerudi kwake. Maiti usimwite kama mgeni."

Nikafoka: "Baba Lue, mtoto ana mtihani! Hao wafu wako watamlipa mshahara?"

Akacheka. "Nikifa, njia utanionyesha wewe kwa mdomo huo?"

"We kufa kwanza, tutaona."

Nikamkataza Lue kwenda tena.

Mvua za mwaka juzi zilikata barabara, na Nchai akafa kwa homa ya siku tatu. Mjuzi mwingine alikuwa ng'ambo ya mto, hapavukiki. Basi Lue akasimama kichwani pa baba yake, ngoma ikalia. Akamwambia amka, nawa uso, vaa viatu vyako vya katani. Ikafika zamu ya kutaja vijiji. Maiti hurudishwa kwa maneno, kijiji kwa kijiji, kote alikokaa, hadi nguzo ya nyumba aliyozaliwa, lilipozikwa kondo lake la nyuma. Asipolichukua, kwa mababu hapokelewi.

"Mama, kabla ya hapa?"

"Nam Hia."

"Kabla ya Nam Hia?"

"Phu Sang. Ndiko alikonioa."

"Na kabla ya Phu Sang?"

Miaka ishirini na miwili nimelala naye, sikuwahi kumwuliza alikozaliwa. Alikuwa yatima wa vita, ndugu hana. Vijiji vyake angemtajia Lue mwisho wa mafunzo.

"Endelea, mwanangu," mpiga ngoma akasema. "Usimwache njiani."

Lue akalia tu. Jioni tukazika.

Sasa anavuka mto kila mwezi kujifunza, na wafu wa wenzetu anawafikisha vizuri, wanamsifu. Mimi haniongeleshi sana. Mume wangu najua alipo: yuko Phu Sang, nje ya nyumba tuliyoanzia maisha, na waliomo humo siku hizi hawamjui.

Waulizeni waume zenu leo walikozaliwa. Na watoto waacheni shambani na baba zao.