Laini ya Saba Imepumzika

Kazini kwetu hatusemi kukata umeme. Kukata ni neno la wenye hasira huko nje. Sisi tunapumzisha laini. Mkuu wa zamu, tunayemwita Barafu kwa kupenda viyoyozi, hufoka ukikosea: "Hapa hatukati. Tunapumzisha." Haya bwana, tupumzishe.

Mchana ule joto lilikuwa la kukausha nguo ndani ya kabati. Mji mzima umewasha viyoyozi, maghorofa yanaota kila mwezi, na mitambo ya umeme ni ileile ya enzi za baba zetu. Sisi tunaougawa huo umeme tumekaa ndani tumevaa sweta.

"Pumzisha saba," Barafu akasema.

Saba ni mtaa wetu. Mama yangu anapumulia mashine ya oksijeni, na mashine inakula umeme. Ukizimika kuna mtungi wa akiba wa saa moja, basi. Nilimwambia.

"Kila mtu ana mama," akanijibu. "Baada ya saa moja tunageuza. Saba inarudi, tatu inapumzika."

Tatu ni yale maduka makubwa ambako watu huenda kupunga upepo bila kununua hata pipi. Nikabonyeza. Kidole kilikuwa changu, simsingizii mtu.

Saa ikatimia. Kabla sijageuza nikapiga simu nyumbani, roho iko juu. Akapokea mdogo wangu anayemuuguza, sauti chini kabisa.

"Mama vipi?"

"Kaka, mama amepumzika."

Simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Chaji imemwishia, na angechajia wapi?

Mtu aliyeugua miaka mitatu ukiambiwa amepumzika, utauliza nini tena? Nikalia na sweta langu la kazini. Barafu akanishika bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Pole sana, ndugu yangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Akakohoa kidogo. "Sasa saba... si inaweza kuendelea tu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Tena niwe mkweli, niliitikia kwa chuki. Mama yangu hayupo, hao majirani nao waive kwa joto, wana nini cha zaidi? Nikaiongezea saba saa mbili.

Wa kunipokea zamu alifika baada ya nusu saa. Njiani nikapitia dukani kununua sanda.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu kakaa sakafuni, kanga imelowa jasho, kashika mkono wa mama. Akaitazama ile sanda, akanitazama mimi.

"Umejuaje?" akauliza. "Ndiyo kwanza amekata roho, hata dakika kumi hazijapita."

Nikamwambia si ulinieleza mwenyewe kwenye simu.

"Alikuwa amelala, kaka. Nilinong'ona nisimwamshe." Akajifuta uso. "Mtungi ulipoisha nikamwambia vumilia mama, mwanao anageuza sasa hivi. Akawa anaitazama feni tu, anasubiri izunguke."