Chuo Alimobaki Jotham

Teresiah alianza kutafuta chuo cha katuni za kompyuta mwaka 2007, miaka miwili baada ya kaka yake Jotham kugongwa na gari akitoka lindoni, kwenye kazi yake ya uaskari wa mlangoni. Wakati huo alikuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Al Rigga, mjini Dubai. Hakutaka cheti cha kutundika ukutani, alitaka kazi.

Chuo cha kwanza kilikuwa Bur Dubai. Mshauri wa wanafunzi, bwana mmoja aitwaye Muhanna, alimketisha mbele ya skrini akamwonyesha kazi za waliohitimu. Majoka yaliruka, magari yakalipuka. Kisha akatokea askari wa mlangoni, amesimama tu. Akaegemea mguu wa kushoto, akahamia wa kulia, akajikuna nyuma ya sikio kwa kifundo cha kidole gumba.

Nywele zilimsimama Teresiah. Sura haikuwa ya Jotham, lakini mwili ulikuwa wake: ndivyo alivyosimama na kujikuna. Alijua kaka yake alikuwa akisoma jioni. Jotham hakuwahi kumwambia ni wapi.

Aliuliza aliyeitengeneza katuni hiyo yuko wapi sasa. Muhanna akamjibu bila kupepesa macho kwamba yuko Kanada, ameajiriwa na studio kubwa.

Teresiah aliaga akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, akijifanya hajaamua, ili amwone tu yule askari. Njiani, alimtazama sikio kila askari wa mlangoni aliyempita. Alijua fika kwamba chuo kilichompa marehemu kazi Kanada hakingemtafutia yeye kazi popote. Hata hivyo fomu ya kujiunga ilikaa mkobani, imeshajazwa, maana pale Jotham alikuwa bado anapumua.

Rukiya, mwenzake wa mapokezi, ndiye aliyempeleka kwa Ghania, mama aliyewafundisha watu wachache katuni hizo katika chumba cha juu ya duka la vitambaa. Ghania hakumwonyesha filamu yoyote. Alimwandikia majina tisa ya waliomaliza mwaka uliopita, pamoja na namba zao za simu: watano walikuwa kwenye matangazo, mmoja kwenye televisheni, watatu wamerudi kazi zao za zamani.

"Wapigie," alisema. "Anza na hao watatu."

Aliwapigia wote. Kisha akarudi Bur Dubai mara ya mwisho, akaomba kumwona tena yule askari.

"Huyu ni kaka yangu, sir," alimwambia Muhanna. "Tulimzika Nyeri mwaka 2005. Mtoeni Kanada."

Muhanna akasema polepole kwamba walipiga simu ya Jotham mara nyingi haikupatikana, wakadhani amesafiri kama wengine. Akaizima skrini. Baada ya wiki moja Rukiya alipita pale kuulizia. Askari alikuwa amefutwa. Teresiah alilia kama siku ya msiba, kwa sababu safari hii ni yeye aliyemwondoa.

Alisoma kwa Ghania hadi mwisho. Mwaka 2009 studio moja ya matangazo ilimwajiri, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifanya pakiti ya maziwa itembee. Kabla ya kuitembeza aliisimamisha tu, akaiegemeza kushoto, kisha kulia.