Diski ya Marehemu Gharib

Mung'aro alikuwa mpakiaji wa makontena Shimanzi, na shule aliiacha darasa la sita. Hata hivyo, kila Jumapili alimkalisha binti yake, Stacy, amsomee bibi yake makala ya jarida la wasomi kutoka kwenye simu. Makala yale yalitokana na maneno ya huyo bibi mwenyewe, Mejumaa, mamake Mung'aro: mizizi ishirini na saba ya dawa. Sasa kumbukumbu zimemtoka, hata mwanawe hamjui. Lakini Stacy akikosea kutaja mzizi, bibi hufumbua macho.

"Si hivyo, mjinga we! Huo wachimbwa asubuhi!"

Na hapo, kwa nusu saa, Mung'aro huwa na mama.

Wiki ya tatu hii ukurasa haufunguki. Jarida limekufa pamoja na mhariri wake, Mzee Gharib, na halikuwahi kuchapishwa kwenye karatasi. Mung'aro alidhani kitu kikishaingia mtandaoni hakiozi.

Akaenda Mji wa Kale kwa mjane, Bi Mwanaesha. Alikuwa edani, akamjibu kutoka nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Tushapoa, mwanangu."

"Nasikia marehemu alikuwa na diski yenye jarida lote."

"Alikuwa nayo, nyeusi, yaenea kiganjani. Arubaini ilipokwisha tuligawa vitu vyake. Kanzu kwa maskini, saa kwa nduguye. Diski nikaipeleka madrasa, iwe sadaka yake."

Madrasa ilikuwa kichochoro cha pili. Ustadhi alimpokea kwa furaha.

"Ilikuwa imejaa mafaili hata hatuyajui. Nikafuta yote, nikatia Kurani nzima, wasomaji kumi! Marehemu apata thawabu kila siku."

Akaichomeka kwenye kompyuta, akawasha. Sauti ikajaa chumba, nzuri mno. Matusi yalikuwa yamemfika Mung'aro mdomoni, akayameza.

"Asante, ustadhi," akasema, akatoka.

Jumapili alikaa mwenyewe mkekani. Katika ile mizizi alikumbuka minne tu. Akataja wa kwanza, akaukosea makusudi.

"Mkwamba, mama. Wachimbwa usiku."

Mejumaa akafumbua macho. Mung'aro akasogea.

"Nani kakufunza?" mama akauliza.

"Wewe, mama."

Akamtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Mimi sijui mambo hayo," akasema, akageukia ukutani.